Ugali Ulioumwaga Mbele ya Watoto

Mke mwenzangu Mama Masatu, wewe uliyelala huko kwenu Kibara,

Ni mimi, mdogo wako. Kuandika sijui, hilo unalijua, kwa hiyo mimi nasema na mjukuu wako anaandika. Ananiambia bibi sema polepole. Nitasemaje polepole? Hata wewe ulikuwaga unaniuliza, "Mama Wakuru, huo mdomo haulali?" Haulali. Na leo hautalala kabisa, maana jana hapa Kamunyonge nimewakuta wajukuu wanacheka. Wamesikia huko kwa watu kwamba bibi yao mkubwa alimwaga chakula cha watoto mwaka wa njaa. Wanaulizana, "Alikuwa na kichaa?" Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Unakumbuka tulivyoletwa kule karibu na barabara ya Kiabakari, wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini? Lori limebeba milango, kuku, na sisi juu yake. Mimi kwetu Butiama nilizoea nyumba yangu iko huku, ya jirani iko kule nyuma ya mlima, sahani ya chakula ikitumwa inafika imepoa. Sasa tukapangwa kwa mistari kama maharage. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Wewe ukashuka na mzigo wa vijiti vya muhogo, ule mchungu. Nikakuuliza kwa nini hukuleta mtamu. Ukasema, "Mtamu unaliwa na nguruwe, nyani na wezi. Huu unaliwa na mwenye akili."

Mimi ni mtu wa ulezi na mtama. Muhogo nilikuwa siujui. Nikawa nakuangalia tu: unamenya, unauanika kidogo, unaulundika nyuma ya nyumba, unafunika majani, unauacha siku zake mpaka unaota manyoya ya ukungu. Halafu unakwangua yale manyoya, unauponda, unauanika juu ya lile jiwe kubwa mpaka unakuwa mweupe kama chokaa. Nikaziba pua. "Nyie watu wa ziwani, mnakula uozo!" Ukanijibu hata hukugeuka, "Huo muhogo usipooza, utakayeoza ni wewe." Tukacheka. Nilidhani ni utani.

Ndipo mvua ikakataa. Ng'ombe wakabaki mifupa, ghala likabaki panya, na hao panya nao wamekonda. Lundo lako la muhogo ndilo lilikuwa tumaini letu, na wewe hukuruhusu mtu aliguse. Watoto wanalia, wewe unasema bado.

Siku ile ulikuwa shamba la kijiji. Wifi yetu alikuja kutusalimia, akakuta watoto wanalamba vidole vitupu. Akafunua majani, akachukua muhogo ambao haujaota hata unyoya mmoja, akaukausha juu ya moto, akatwanga. Nikamwambia, "Wifi, mwenyewe hayupo." Akanitazama juu mpaka chini. "Mwenyewe nani? Hii si nyumba ya kaka yangu?" Mimi ni mke mdogo, nikampisha. Na wifi yetu, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa haufumbi. Jirani ameona moshi wako, utakulaje peke yako? Akagawa unga kwa nyumba tatu za ule mstari wetu.

Ukaja na jembe begani. Watoto wamekaa, wamenawa mikono. Ukakata tonge dogo, ukaliweka kwenye ulimi, ukatema. Halafu ukainyanyua ile sufuria, moto hivyo hivyo, ukaumwaga ugali wote kwenye mavi ya ng'ombe, na mguu juu yake, ukaukanyaga asije mtu akaokota. Watoto walivyopiga yowe! Mume wetu akashika fimbo. Wifi anapiga makofi, "Jamani mchawi! Anataka kutuulia watoto kwa njaa!"

Ile fimbo hukuitazama kabisa. Ukauliza, "Nani ameshakula?"

Wakuru wangu alikuwa ameshalamba mwiko na makoko yote.

"Na unga mwingine uko wapi? Wifi! Uko wapi?"

"Kwa majirani."

Ukatupa jembe, ukakimbia.

Nikamtupia Wakuru mgongoni, nikakufuata. Nasema moyoni huyu leo amerukwa, nimshike. Nyumba ya kwanza walikuwa wameanza kula. Ukaisukuma sahani kwa mguu, mama wa watu akakurukia, mkaangushana. Nyumba ya pili unga ulikuwa bado kwenye ungo, ukaurusha barabarani na ungo wake. Hapo ndipo nikasikia shingo yangu imelowa. Wakuru anatapika. Kichwa chake kimelala begani kwangu, kizito, hata kunijibu hanijibu.

Nikakuita, "Mama Masatu, mtoto!"

Ukageuka mara moja tu. "Ndiyo sumu ya huo muhogo. Baba yake akaazime baiskeli sasa hivi, muende zahanati. Mkifika semeni amekula muhogo mchungu ambao haujawa tayari. Semeni hivyo hivyo, msione aibu."

Mume wetu, aliyekuwa anatufuata nyuma, akaitupa ile fimbo, nikaona kisigino chake tu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee Magori. Sufuria ameipakata kama mtoto mchanga, watoto wamemzunguka. Akakwambia, "Mama, ondoka. Hawa hawajala tangu juzi. Ukimwaga hiki nitakupiga, na Mungu atanisamehe."

Ukapiga magoti. Wewe, ambaye hata mume wetu ulikuwa unamsalimia umesimama!

"Magori, nipe hiyo, nikupe kingine."

"Kipi? Una nini wewe?"

Ukanigeukia. "Mke mwenzangu, leta ule ulezi."

Nikashtuka. Ule ulikuwa ulezi wangu wa mbegu, alionipa mama yangu, nimeuficha darini kwenye kibuyu, nadhani hakuna anayejua. Kumbe ulijua siku zote na hukuugusa. Macho ya Wakuru yanageuka. Nikakimbia, nikauleta, nikaumimina kwenye nguo ya mke wa Magori. Yule mzee akamtazama Wakuru, akawatazama wanawe. Akaiweka sufuria chini mwenyewe, akaisukuma kwako.

Baiskeli ikafika, nikapanda nyuma na mtoto. Zahanati wakaniuliza amekula nini, nikasema kama ulivyonituma, wakaanza kazi palepale. Njia nzima nilikuwa namwita jina. Jua linazama ndipo akaniambia, "Mama, uji." Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo mpaka leo. Wale wa nyumba ya kwanza walitapika, wakapona.

Mvua ilipokuja sikuwa na mbegu. Nikapanda vijiti vyako. Ukanikalisha pale kwenye jiwe, ukanifundisha kazi ile yote, ukaniambia, "Ukionja ukakuta uchungu, hata watoto wakilia, waache walie. Kulia hakuui." Mpaka leo nafanya hivyo. Hapa mjini wananunua unga dukani, hawajui umelala wapi wala umekaukaje, mimi nauonja kwanza, na wakwe zangu wananuna. Wanune.

Lakini kuna kitu kinanikaba, mke mwenzangu. Kijiji kizima kilikuita kichaa wa masufuria. Mpaka unarudi kwenu kufa, kulikuwa na watu hawakupokei salamu. Sahani zao walizikumbuka. Watoto wale wangekufa, watu wangesema ulisema kweli. Hawakufa, kwa hiyo ukawa kichaa, na wewe ukakubali, ukaenda zako kumenya.

Jana nilipochoka kuwasikiliza hao wajukuu, nikawaambia wanyamaze. Nikawauliza, "Mama yenu anaitwa nani?" Wakasema, "Wakuru." Nikawaambia, basi kaeni chini, niwaeleze mlivyozaliwa.

Lala salama huko ziwani, dada yangu. Huku hawacheki tena.

Mimi mke mwenzako mdogo,
Mama Wakuru