Safari ya Bia Ambayo Hatukuifunga

Hinterreuth, Jumapili ya pili ya Oktoba

Kwa dada yangu mpendwa Roswitha,

Salamu nyingi zikufikie huko Kiel, nikitumaini kwamba u mzima, na kwamba lile goti lililokutesa kiangazi kizima limekuachia angalau upande ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Mwanao Annelie na mumewe nao wape salamu zangu. Waambie nawashukuru kwa kukutunza, ingawa najua wewe ndiye unayewatunza wao. Mimi nipo, nakula, nalala. Kuni za baridi nimeshazipanga chini ya paa, na viazi mwaka huu vimekubali. Kilian anakusalimu sana. Anasema watu wa pwani hawajui bia, kwa hiyo ukizidiwa na kiu upige simu tu, atakuletea pipa kwa treni, akibadilisha treni Hof na Hamburg.

Kadi yako ilinifikia Jumanne. Umeniagiza niende kwa fundi wa mawe nimwambie jina la mumeo Ottmar alichonge katikati ya jiwe la kaburi, asiache nafasi ya jina lako, kwa sababu umeamua kuzikwa huko huko kwa Annelie. Umeandika kwamba mtu aliyekataa kulala kitanda cha ugenini pamoja nawe anaweza sasa kulala peke yake. Dada, sijaenda kwa fundi. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu nimekaidi agizo lako, na wewe unajua tangu utotoni ulivyokuwa ukiniagiza. Sikwenda kwa sababu kuna jambo ambalo ni lazima ulisikie kwanza. Baada ya hapo jiwe ni lako, uamue utakavyo.

Nianze na siku zile nzuri, maana tulikuwa nazo. Unakumbuka majira ya baridi yale tulipoipanga safari? Zamu ya kuuza bia ilikuwa ya nyumba yetu, nyota ya mbao ilikuwa imeninginizwa mlangoni ili kijiji kijue pipa limefunguliwa, na meza ya wazoefu ilijaa kuanzia saa nane mchana. Kilian, ambaye alikuwa na miezi mitatu tu tangu astaafu kazi ya stesheni, aliweka ramani ya Ulaya katikati ya sahani za soseji akasema maisha yake yote ameandika safari za watu wengine, sasa anataka kuandika ya kwake. Treni tu, bila basi wala ndege, wiki tatu, na kila kituo kiwe na bia ya kushukia.

Tulibishana wiki nzima. Kilian alitaka twende kwa ratiba, Ottmar alitaka twende kwa rangi, tuanze na bia nyeupe tumalizie na nyeusi, kana kwamba nchi zimepangwa hivyo kwenye ramani. Ikakubaliwa kwanza Pilsen, maana ni jirani na haifai kumruka jirani. Kisha Bamberg kwa ile bia yao yenye moshi. Kisha Cologne, ambako Ottmar aliapa kwamba vigilasi vyao ni vya kusukutulia mdomo, na mhudumu anakuletea kimoja baada ya kingine mpaka ufunike chako kwa kikaratasi. Wewe ukamjibu kwamba kwa jinsi anavyokunywa, watamletea hadi siku ya Pasaka. Kisha Brussels, na mwisho kwa wale watawa wa Flanders ambao hawauzi bia yao mpaka mtu apige simu na kuweka nafasi. Kilian alisema kazi ya kupiga simu aachiwe Roswitha, kwa kuwa watawa wameapa kunyamaza na mtu wa kuzungumza anahitajika.

Ulicheka sana siku ile. Ulisema katika miaka sitini na miwili hujawahi kuvuka Pilsen, na kwamba unachotaka wewe si bia peke yake, unataka kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna mtu anayekuuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Kesho yake ukanunua sanduku la kijani.

Na mimi nilipewa kazi gani? Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa safari. Ottmar alisema mbele ya wote kwamba bila Hartwig tutakuwa tunakunywa tu kama ng'ombe mtoni, kwa sababu Hartwig akionja anakwambia shayiri imelimwa wapi na mpishi aligombana na nani asubuhi ile. Nilivimba kichwa, sikatai. Babu alikuwa ulimi wa kijiji hiki, baba akamfuata, na mimi nilikuwa nimezeeka katika sifa hiyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, nikashikwa na ile homa. Ulinijia siku ya kumi na bakuli la supu yenye matonge ya ini, ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukaniuliza ikoje. Nikakuambia tamu, dada, kama ya mama. Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Sikuonja chochote. Ilikuwa maji ya moto yenye vitu laini ndani yake. Nikadhani ladha itarudi, kwa kuwa kwa wengine ilirudi, wengine baada ya wiki, wengine baada ya mwezi. Kwangu haikurudi. Pua ilikufa, ulimi ukaifuata, na mpaka leo hii ninapokuandikia nimekula chakula cha mchana nisichojua kilikuwa na chumvi au hakikuwa nayo.

Mtu mwingine angesema. Fundi viatu akiumia mkono anasema, na watu wanamwonea huruma. Lakini mimi nilikuwa na nini kingine, Rosi? Sikuoa, sina mtoto, shamba ni dogo. Nikiingia mahali popote wanasogea wanipe gilasi ya kwanza nitoe hukumu. Niliogopa kuwa mzee wa kawaida mwenye shamba dogo. Kwa hiyo safari ya Mei nikaiahirisha, nikasema paa la ghala linavuja. Ikaja ya Septemba, nikasema zamu ya kupika bia imeniangukia vibaya. Ningefanyaje Pilsen, mezani, nyote mkinitazama mdomoni?

Nikaendelea kupika kwa saa na kipimajoto. Kazi yenyewe mikono inaijua. Tunachemsha wote kwenye jiko moja la kijiji, kisha kila mwenye haki ya kupika anachukua bia yake changa kwenda kuichachua nyumbani kwake. Mara mbili ilitoka vizuri. Mara ya tatu ndiyo ile ya Kwaresima, unayoikumbuka. Niliitazama, ilikuwa safi, rangi ya asali, povu limesimama. Nikaweka gilasi mdomoni kama kawaida, nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaninginiza nyota. Kuninginiza nyota ndicho kiapo chetu hapa, wajua mwenyewe. Ukiiweka nyota umewaambia watu umeonja.

Ilikuwa imeharibika. Imechacha kama siki. Ottmar alikuwa wa kwanza kupewa, na kabla Kilian hajafikisha yake mdomoni, Ottmar alisimama akapaza sauti akasema, "Jamani, msinywe! Mpira wa kujazia nimesahau kuuosha mimi, mpumbavu mkubwa, nimemharibia shemeji pipa zima!" Akaenda mlangoni mwenyewe akaishusha nyota. Mpira hakuwahi hata kuugusa. Watu walimcheka mwaka mzima, wakimuuliza kama nyumbani kwake huwa anaoga au anasubiri mvua. Wewe pia ulimwambia aibu hiyo umeivaa wewe kwa sababu unabeba jina lake.

Jioni ile alinifuata uani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hartwig, hunusi kitu, sivyo?" Nikalia. Mtu wa miaka hamsini na tisa, nikalia mbele ya shemeji yangu kama niliyepigwa. Alinishika bega akasema atanyamaza, lakini niende hospitali na nisipike tena peke yangu, atakuwa anakuja kunionjea. Na akawa anakuja, kila zamu, alfajiri, wewe ukidhani anakuja kwangu kunywa. Bia mliyoisifu miaka miwili ya mwisho ni ulimi wake.

Sasa nifike pale panaponichoma. Mei ikawa inakaribia tena, na Kilian alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho la mtu wa stesheni anayeshuku tiketi. Visingizio vilikuwa vimeniishia. Nikamwomba Ottmar. Nilimwambia safari hii useme wewe ndiye huwezi. Akauliza aseme nini. Kusingizia ugonjwa wa moyo hakutaka, ungepata wasiwasi. Tukiwa tumekaa pale penye mapipa akabuni mwenyewe. Alirudi mezani akatangaza kwamba ameifikiria sana safari na ameona hawezi, kwa sababu hajawahi kulala vizuri kwenye kitanda cha watu.

Mengine unayajua kuliko mimi. Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Ijumaa iliyofuata Kilian alimwekea mto kwenye kiti chake, na tangu hapo kila nyumba ilipokuwa na zamu, mto ulikuwa unamtangulia. Wewe nawe ulimletea mmoja ulioudarizi. Ottmar aliukalia, akaagiza bia, akawauliza wenzake kwa nini wanaona wivu. Mara moja nilimwambia dhamira inanisuta. Akaniambia, "Wacha bwana. Rosi akinicheka, angalau anacheka."

Lakini baadaye uliacha kucheka. Safari ya mwaka uliofuata nayo ilipopita, ulimwambia mbele yetu sote kwamba umegundua umeolewa na mwanamume mdogo kuliko kitanda chake. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilitazama sahani yangu. Mwanzoni mwa Novemba akaja kwangu alfajiri kunionjea, akamaliza, hakuondoka. Akaniambia, "Siku hizi hacheki tena, Hartwig. Mwambie. Au nipe ruhusa nimwambie mimi." Nikamwambia zamu yangu ni wiki mbili zijazo, ikipita tu nitakuja kwako na kusema yote. Akasema sawa. Siku ya tisa akaanguka msituni akipakia kuni.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu kilio kilikuja, na bado nikaficha.

Maana hayo yote, dada, si ungamo lenyewe. Ungamo ni hili. Siku ya mazishi, tulipokuwa tunashuka kutoka makaburini nikiwa nimekushika mkono, uliniambia umemsamehe kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba katika miaka arobaini hakutaka kwenda nawe mahali popote. Uliniuliza, "Hivi nilikuwa mzigo kwake?" Ulisimama ukanitazama ukingoja jibu. Hapo ndipo ningesema. Alikuwa bado hajafunikwa vizuri. Nikakuambia, "Ndivyo alivyokuwa, dada." Maneno matatu. Wiki ya pili ukafunga mizigo ukahamia Kiel.

Hukuwa mzigo. Hilo sanduku la kijani alikuwa amelitia mafuta kwenye vitasa, nilimwona. Alitaka kwenda kuliko sisi sote, na kila Mei alikaa nyumbani kwa ajili yangu, nawe ukimwona mwoga. Mwoga ni mimi.

Juzi Ijumaa nimewaambia. Nyota ilikuwa kwa akina Zrenner, meza imejaa. Nilisimama nikasema yote, tangu supu mpaka makaburini. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana. Kilian aliuliza swali moja tu, "Na sisi tulikuwa tunamletea mto?" Akachukua kofia yake akaenda nyumbani bila kumaliza gilasi, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Haki yangu ya kupika nimeirudisha kwa kijiji.

Najua barua hii inanipunguzia mimi mzigo na kukutwisha wewe. Nimeiandika mara tatu nikaichana mara mbili kwa sababu hiyo. Utakumbuka kila neno ulilomwambia, na sasa hutakuwa na wa kumwomba radhi. Mzigo huo nimekutwisha mimi, nami siombi unisamehe, wala sitegemei jibu. Ila usimwadhibu yeye kwa kosa langu. Fundi anaanza kuchonga Alhamisi, na namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie wewe mwenyewe, kwa maana neno lolote kati yako na Ottmar halifai kupita tena mdomoni mwangu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mungu akulinde na baridi ya huko.

Ni mimi mdogo wako,
Hartwig