Papa, wanataka baraka yako

Papa,

Nimewaambia watu kwamba wewe, baba yangu, uko hai, na sasa wanataka uwaandikie barua. Ndiyo maana mimi nakuandikia kwanza.

Watu wenyewe ni Wakwekeri, Wakristo wanaojiita Marafiki. Wewe ungeanzia hapo hapo kwenye jina: rafiki wa nani, na tangu lini? Ng'ambo wana nyumba wanayoishi pamoja na wazee wasio na mtu, na wanatafuta wa kujitolea kuwahudumia miaka miwili. Tiketi, chumba na chakula ni juu yao. Nilipeleka jina langu nikiwa na shaka. Nimepata pasiporti, nimenunua na koti zito sokoni Masisi, na shaka bado ninayo. Ng'ombe anayeuzwa rahisi, ulikuwa unasema, mwangalie kwato.

Ibada yao inanitisha. Wanakaa kimya saa nzima, hakuna kwaya, hakuna ngoma. Kwetu watu wakinyamaza ukiingia, ujue ni wewe walikuwa wanakusema. Jumapili za kwanza nilikaa karibu na mlango.

Kabla ya kumtuma mtu, wanamkalisha mbele ya wenzao wanne watano wamsaidie kupima kama kweli ameitwa. Hawatoi shauri, Papa. Wanauliza, wananyamaza, wanauliza tena. Mimi watu wa namna hiyo nimewaona kwenye bariere tu, vizuizi vya wenye bunduki barabarani. Basi nikajibu ulivyotufundisha tulipokuwa tunashuka na mabidoni ya maziwa: "Mutoto, umujibie ile anapenda kusikia, upite." Nikasema kwetu ni Bweremana, kando ya ziwa, tunavua samaki. Walipouliza habari zako, ulimi ukakimbia wenyewe: "Papa iko, iko ku ng'ombe." Wavuvi gani hao wenye ng'ombe?

Hawakubisha. Mama Furaha, mkubwa wao, akasema: "Basi tutangoja neno ya Papa yako. Hatutumake mutoto wa muntu bila baraka." Nilitoka na hasira. Nilidhani wamenigundua, wananitega. Wiki mbili nilifikiria kuiga mwandiko wako. Nilijaribu hata, Papa. Nilifika kwenye "Mimi baba yake" nikashindwa.

Jumapili iliyopita, katikati ya kile kimya chao, nikasimama. Nikasema kwetu ni Masisi milimani, si ziwani, na Papa yangu amekufa, huu ni mwaka wa tatu. Nikangoja wanifukuze. Walikaa hivyo hivyo mpaka nikaanza kutazama viatu vyao. Kisha Mama Furaha akauliza: "Alikufaka namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kambini Lushebere, tunakoishi sasa, kila mtu ana wafu wake, huulizi. Nikasema yote: homa, Buleusa tulikokimbilia vita, wale watu wasiotujua waliokuachia kitanda chao, na kaburi tulilochimba kwenye shamba lao la mihogo kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Nikasema kwamba sikulia. Ulitukataza kulia njiani, na baada yako sikujua nani angeniruhusu. Nikalia pale pale, mbele ya watu nisiowaamini vizuri.

Jina langu hawakulifuta. Barua yako wameisamehe, Mama yangu mzazi ndiye atakayenibariki. Naondoka mwezi ujao. Huenda ni wema tu, huenda kuna kitu nyuma yake. Nitawatazama hiyo miaka miwili yote. Ila nimeanza kujishuku na mimi mwenyewe. Nilidhani nadanganya ili nipite salama. Kumbe kila niliposema uko kwenye ng'ombe, nilikuwa nakuona huko, na fimbo yako, ukinipigia mluzi. Nilikuwa sitaki kuacha kukuona.

Lala, Papa. Mama namwacha na kaka. Nikifika huko, wale wazee wataniuliza habari za baba yangu, maana wazee huuliza. Nakuahidi nitawajibu: alikufa Buleusa, na mimi nilimzika.

Binti yako,
Neema