Majani kwenye Kamba ya Nguo

Nyumbani kwa Dobi,
Mtaa uleule, nyumba ileile,
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Goti lake limepoa, au bado ni kisingizio cha kutofagia uwanja? Sisi huku tu wazima, ila joto linatukomesha. Kwa mtu anayeshinda na pasi mkononi, joto hili si mchezo. Jasho linalowesha mashati niliyokwisha kuyanyoosha.

Barua yako yenye maelekezo ya saladi ya makaroni niliipata, nashukuru sana. Najua uliposoma ombi langu ulicheka. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, hajawahi kuchemsha hata yai, leo anataka kupika! Sasa kaa kitako nikueleze.

Unayajua yaliyotokea kati yangu na mwanangu Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa kuwa alianza kusema kabla hajaota meno. Alipokataa kurithi udobi, akaenda kuajiriwa kwenye kitalu cha miche, nilimwambia maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. Nilisema kazi yake ni kuchezea udongo, na kwamba akitoka mlangoni asirudi. Akatoka. Hasira hasara, dada, nimeionja mwenyewe. Kwa miezi kumi na minne mama yake ndiye aliyekuwa akienda kumwona. Mimi nikijifanya sina habari, kumbe wifi yako akirudi tu, masikio nimeyatega.

Mwishowe nikashindwa. Nikamwomba wifi yako amwalike Jumapili, chakula cha mchana, na ampikie anachokipenda. Akaniangalia vile unavyomjua.

"Ulimfukuza kwa mdomo wako, mrudishe kwa mikono yako. Mimi jikoni siingii."

Mtoto mwenyewe unamfahamu, joto likipanda chakula cha moto hakigusi. Kilichokuwa kikimshinda kukiacha ni ile saladi ya shangazi yake. Mficha uchi hazai, ndiyo maana nikakuandikia.

Basi Jumapili ikafika. Wifi yako alivuta kiti mpaka mlangoni pa jikoni, akaweka miguu juu ya ndoo, akatulia kama mtu aliyelipa kiingilio. Makaroni hayakunisumbua. Niliyachemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, nikayatoa kabla hayajalegea, nikayasuuza kwa maji baridi. Kwenye kusuuza hakuna wa kunifundisha. Yale maji meupe niliyoyachuja yalifanana sana na wanga wa kukazia kola za mashati, nikayakinga kwenye beseni, wifi yako akaniambia nisithubutu. Nyanya ndogo nikazikata katikati, tango na jibini vipande vipande, kitunguu saumu nikakitwanga, nikakichanganya na mafuta ya zeituni na maji ya limau. Vyote kwenye bakuli, bakuli kwenye friji.

Balaa likaja kwenye majani. Uliandika hivi: osha mrehani, nanaa na kotmiri, kisha yakaushe vizuri. Sasa dada, unamwandikia dobi "yakaushe" halafu unaishia hapo? Nikayaosha maji matatu, nikayakung'uta, nikatoka nayo uani nikayaanika kwenye kamba. Shada kwa shada, kila moja na kibanio chake, katikati ya shuka za wateja. Yalipendeza kweli. Wifi yako aliona yote, akazidi kujipepea kwa kanga. Nikaingia ndani kupiga pasi shati la kumpokelea mwanangu, nikarudia na kola, nikarudia na mikono.

Nilipotoka, jua lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Mrehani umekuwa mweusi, kotmiri inavunjika ukiigusa, nanaa imegeuka tumbaku. Na muuza mboga Jumapili hafungui. Nikasimama pale na shati langu lililonyooka, na sikufichi, machozi yalinilengalenga. Si kwa sababu ya majani. Niliwaza kwamba atakuja, atakula vijiko viwili kwa adabu, ataaga, na sitamwona tena nyumbani kwangu.

Ndipo alipofika. Alinitazama mimi, akaitazama kamba na yale mashada yananing'inia. Akauma midomo. Kisha akashindwa kujizuia, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mama yake akampokea kule jikoni kwa kicheko kikubwa zaidi.

"Baba, umeyafua?"

"Nimeyasuuza tu," nikamjibu, na mimi mwenyewe nikacheka.

Mkononi alikuwa na kopo lenye mche wa mrehani aliouotesha mwenyewe kitaluni, ametuletea zawadi. Ulikuwa umejaa majani mapana, harufu yake uani kote. Akanielekeza kwamba majani hayaanikwi juani, hufutwa polepole kwa kitambaa safi, tena huchanwa kwa vidole dakika ya mwisho. Nikashika bakuli, yeye akachana. Kucha zake zina udongo, dada. Niliitazama ile mikono nikaona ni mikono ya fundi, anajua anachokifanya, na mimi ndiye niliyeitukana. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu yenye mizunguko mingi, yote ikapotea. Nikasema, nilikosea mwanangu, nisamehe.

Aliendelea kuchana huku machozi yakimdondoka, kisha akaniambia nitafute limau jingine, saladi haijakolea uchachu.

Tulikula watatu mpaka bakuli likawa jeupe. Chumvi ilizidi kidogo, na wifi yako alihakikisha nimelisikia hilo mara tatu. Lakini sijawahi kula kitu kitamu vile.

Jumatatu mwalimu jirani yetu alikuja kuchukua shuka zake, akazinusa, akauliza siku hizi natumia sabuni gani. Nikamwambia imetoka juzi tu. Ameleta na mapazia.

Kuna jambo sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Jumapili Chiriku alipofika, alisimama langoni akabisha hodi. Lango liko wazi, nyumba ni yake, amezaliwa humu, lakini alisimama nje akingoja akaribishwe kama mgeni. Liliniuma kuliko miezi yote ile kumi na minne.

Wasalimie shemeji na watoto, na yule mama mkwe wako mwenye utani mwambie bado namdai jibu la utani wangu. Wifi yako anakusalimu, anasema barua ijayo uandike maelekezo kama unamwandikia mtoto wa chekechea. Mola akutunze huko uliko, akupe kivuli wakati wa jua.

Nilikuwa nimefikia hapa, nataka kutia sahihi, nikasikia sufuria zinagongana jikoni na wifi yako yuko sokoni. Nimekwenda na pasi mkononi nikidhani ni paka. Kumbe ni Chiriku, ameinama kwenye friji, ananiuliza makaroni tumeyaweka wapi. Hodi sikuisikia, dada. Hakubisha.

Wako akupendaye,
Kaka yako, Dobi.