Pale Ulipozungusha Vidole

Mwaitu, mama yangu uliyelala,

Leo ni Jumapili, sijaenda kazini. Nimekaa mlangoni kwangu hapa Waithaka. Simiti imenipasua mikono hata kalamu inaniuma, lakini lazima nikuambie jambo.

Unakumbuka nilivyoandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni? Ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kuunganisha maneno. Niliandika juu ya mbuzi wetu mweusi aliyekataa kuvuka mto. Nilijua utanichapa. Wewe hukujua kusoma, ukaniuliza, "Hii umechora ni nini?" Nikakusomea. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Huyo mbuzi ni yeye kabisa!"

Krismasi ilipokaribia ulikandika nyumba nzima upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Ulipofika pale nilipoandika, ukazungusha vidole polepole pembeni bila kuyafuta, kama mtu anayempita mtoto aliyelala. Kila mwaka ulifanya hivyo. Wageni wakiuliza, uliwaambia, "Hapo mtoto ameongea."

Shule iliniishia darasa la saba. Kuandika hakukuisha. Kule kazini Parklands tunajenga ghorofa, na mafundi huandika vipimo ukutani kwa penseli, kisha plasta inafunika. Saa ya chakula, nikimaliza githeri, nami huandika yangu kwenye mawe. Mistari miwili, mitatu. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nataka kuwa mwandishi. Ningeanzia wapi, na jiwe liko begani?

Wiki hii nilikuandika wewe, nikajaza ukuta mzima wa chumba. Ijumaa fundi Njoroge akaja na plasta, akasimama, mwiko mkononi.

"Buda, hii gazeti yote ni ya nani?"

"Yangu."

"Kumbe tunabeba mawe na profesa!" akasema Musa, mtu wa toroli. Wakacheka.

"Sasa nikipaka si itapotea?" akauliza Njoroge.

"Paka tu," nikasema. Sikuwa nimeandika mahali pengine popote.

"Ngoja. Tusomee kwanza."

Nikasoma. Musa akaweka toroli chini. Plasta ikaanza kukauka na hakuna aliyejali. Nilipofika pale unapozungusha vidole, mtu nyuma yangu akasema, "Wacha!" kwa mshangao, kwa sauti ndogo sana. Mama, watu wazima, wachovu, vumbi mpaka kwenye kope, walisimama wakikuona wewe kwenye mawe yale, na hawajawahi kukutana nawe. Sijui jambo hilo linaitwaje.

"Halafu?" akauliza Njoroge.

"Ukuta umeisha."

"Basi tafuta karatasi, bwana. Mimi nikizunguka hii bila kuipaka, mwenye nyumba atanifukuza."

Akapaka. Jina lako aliliacha la mwisho.

Jana nilitoka kazini nikatembea hadi katikati ya jiji, nikanunua karatasi. Niliogopa kwamba maneno yamebaki kule chini ya plasta. Asubuhi hii nimeanza, na yamekuja yote, hata yale ambayo hayakutosha ukutani. Bado yanakuja. Nashindwa kuelewa yalikuwa yamekaa wapi ndani ya mtu aliyechoka hivi.

Ukuta wetu wa jikoni mvua iliula zamani. Lakini kila ukurasa nimeuachia nafasi pembeni, pana, ya vidole vyako kupita.

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi, mtoto wako aliyeongea.