Jirani wa Kushoto

Kitengela, 11 Februari 2024

Mpendwa Nduta,

Pokea salamu kutoka kwenye jua na vumbi. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe limelalamika miaka mingi hata nimeacha kulisikiliza. Wewe je? Malaria ya huko ziwani imekuacha? Unakula?

Ulipopiga simu Jumapili iliyopita nilisikia uchovu katika sauti yako, kisha mtandao ukakatika. Nilichoelewa ni kwamba soko mlilojenga mpakani, hapo Malawi inapopakana na Tanzania, limekamilika na halina watu. Niandikie vizuri, kwa utaratibu. Nina muda, na simu hunifanya nijibu kabla ya kufikiri.

Watu wakiniuliza kanisani kazi yako ni nini, huwaambia kwamba unasimamia fedha za msaada ili watu wa nchi maskini kabisa waweze kufanya biashara na majirani zao. Hutikisa vichwa kwa heshima. Ni Rachel wa hapa jirani peke yake aliyeniuliza swali: "Kwani hao watu hawakuwa wanafanya biashara kabla Nduta hajafika?" Nikamwambia chai inapoa.

Shangazi yako,
Wahu


Karonga, 25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umepigwa picha na kutumwa kwa simu. Malaria imeisha. Ninakula wali na dagaa wa ziwa, asubuhi hadi jioni. Pole na goti. Tafadhali nenda ukaonwe na daktari, usimwachie Rachel akukande na mafuta ya taa.

Mwambie walikuwa wanafanya biashara, tena sana. Mchele unatoka Tanzania, samaki na karanga zinatoka huku. Walikuwa wanauzia kando ya barabara, juani, malori yakiwapulizia vumbi. Programu yetu iliwajengea soko lenye paa, meza za saruji, maji na vyoo. Ili kusiwe na upendeleo tulipiga kura: kila mama alitia mkono kwenye ndoo, akatoa namba, na namba hiyo ikawa meza yake. Walipiga makofi. Mkubwa wetu aliyetoka Ulaya alitokwa na machozi. Wiki ya pili wote walikuwa wamerudi barabarani.

Tumefanya mikutano kuwauliza sababu. Wanasema soko ni zuri, asanteni, Mungu awabariki. Wakimaliza kutubariki wanabeba mizigo na kwenda barabarani. Mulinge, yule Mkamba anayeshika hesabu zetu, anasema, "Madam, hawa wanapenda vumbi. Tuwajengee vumbi."

Mimi sicheki tena. Mwezi wa sita wakaguzi wa wafadhili wanakuja. Wakikuta soko tupu, awamu ya pili itapelekwa kwenye mpaka mwingine. Ndani ya awamu hiyo kuna chumba cha baridi cha samaki, na bila hicho, kila msimu wa mvua wanamwaga samaki waliooza mtaroni. Nimewaona kwa macho yangu. Mkataba wangu pia umefungwa humo.

Mtoto wako,
Nduta


Kitengela, 10 Machi 2024

Mpendwa Nduta,

Nashukuru umepona. Kwetu mvua imenusa tu na kuondoka. Rachel amekasirika kuhusu mafuta ya taa; anasema dawa yake haijawahi kumuua mtu aliyemjua.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekwama pale uliposema ndoo. Ngoja nikueleze jambo lililotokea ulipokuwa bado hujazaliwa.

Tulipofukuzwa Molo katika ghasia za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, tuliambiwa ni kwa wiki moja. Tuliishi katika viwanja vya kanisa hadi kanisa likatununulia ardhi vipande viwili, kimoja hapa Kitengela na kingine ndani kabisa, upande wa Isinya. Wafadhili wakasema tupige kura ili pasiwe na malalamiko. Tulichota namba kwenye kofia ya katekista. Hakukuwa na malalamiko. Nilipata ploti ya Isinya. Rachel akapata hapa.

Rachel alikuwa jirani yangu Molo. Hatukuwa marafiki, usidanganywe na chai ya sasa. Tuligombana juu ya mpaka wa viazi karibu kila mwaka. Lakini nikienda Nakuru, yeye ndiye aliyekuwa akifungia ng'ombe wangu, na mimi nilifunga wake. Kura haikujua hilo. Basi nilizungumza na Mugo, aliyepata ploti hapa kando ya Rachel lakini akitaka nafasi ya mbuzi, tukabadilishana kwa mdomo. Kabla ya mwezi kuisha, nusu yetu tulikuwa tumebadilishana na wenzetu.

Usiwaulize hao akina mama wanataka nini. Waulize: ukienda mazishini, nani anakuuzia bidhaa zako?

Shangazi yako,
Wahu


Karonga, 7 Aprili 2024

Shangazi,

Habari za mvua? Huku bado inanyesha, barabara ni tope. Niko sawa, ila sijalala vizuri kwa sababu ya furaha na wasiwasi pamoja.

Nilimuuliza Elizabeth, mwenyekiti wao. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jina la mama yangu mwenyewe.

"Wa kushoto," akasema.

"Wa kushoto nani?"

"Wa kushoto! Kila mtu ana wa kushoto. Mimi nikivuka kuchukua mchele, wa kushoto ananiuzia samaki, anatia pesa kwenye kopo langu. Yeye akijifungua, wa kushoto wake anamuuzia. Mama yangu alikuwa wa kushoto wa mama yake."

"Ni rafiki yako?"

"Yule? Hatusalimiani tangu harusi ya dada yake. Lakini hajawahi kuniibia."

Sasa tazama tulichofanya. Ndoo iliwatenganisha wote. Mtu amekalishwa kati ya watu asiowajua, hawezi kuondoka hata kwenda chooni, na choo tumemjengea. Nikamuuliza kwa nini hawakusema kwenye mikutano. Akasema, "Mlituuliza kuhusu soko. Hamkutuuliza kuhusu sisi."

Niliwaambia Jumatatu wakae wanavyotaka. Kufika saa nne soko lilikuwa limejaa, na kelele zake, Shangazi, ungezipenda.

Shida ni kwamba kubadilishana meza kumekatazwa. Sheria hiyo ina sababu nzuri: kwenye mradi mwingine wakubwa wa kijiji waliuza meza za wajane kwa kisingizio cha kubadilishana. Rejista inasema jambo moja na meza zinasema lingine. Mulinge ananiambia, "Ukiandika, umekiri. Usipoandika, umeficha. Chagua dhambi yako, Madam." Nifanyeje?

Nduta


Kitengela, 28 Aprili 2024

Mpendwa Nduta,

Sisi sote tu wazima, na mafuriko ya Nairobi unayoyaona kwenye habari hayakutufikia hapa juu. Nimemsomea Rachel habari za wa kushoto. Amesema, "Hao wana akili."

Andika. Andika kila badiliko, nani na nani, watie sahihi, na upeleke mwenyewe kwa wakubwa wako kabla hawajakuja kutafuta.

Nitakueleza sababu, ambayo sikutaka kukuambia. Mimi na Mugo hatukuandika. Hati miliki zilipotoka zilifuata kura: yangu ya Isinya, ya Mugo ya hapa ninapokaa. Tulicheka, tukaziweka kabatini. Mugo amekufa. Mwanawe Hiram ameona magorofa yanavyopanda barabarani, na tangu mwaka juzi ananipeleka mahakamani Kajiado kwenye kesi. Si kijana mbaya. Hunipa lifti tukitoka kusikilizwa.

"Shosho, mimi sikufukuzi," huniambia, akiniita bibi yake. "Nakurudisha kwako."

"Kwangu ni wapi, Hiram?"

"Pale karatasi inaposema."

"Na baba yako alikuwa akiishi kwa nani?"

"Baba alikuwa mtu wa mbuzi, Shosho. Funga mshipi."

Shangazi yako,
Wahu


Karonga, 30 Juni 2024

Shangazi,

Nilisoma barua yako. Kwa nini ulibeba hilo peke yako? Nitatuma fedha za wakili. Usikatae. Afya yako iko aje?

Niliandika kama ulivyosema. Wakaguzi walikuja, wakaliona soko limejaa, wakala samaki, wakapiga picha na Elizabeth. Halafu wakafungua rejista. Karibu kila mama amehama meza yake. Nikaeleza habari za wa kushoto kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yule mama aliyewaongoza alisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema kura ndiyo ushahidi wao pekee kwamba hakuna aliyependelewa, na fomu yake haina mahali pa kujaza jirani.

Wamesema awamu ya pili itaendelea nikiwatumia picha za kila mama kwenye meza ya namba yake, ameshika kibao cha namba hiyo, kabla ya mwisho wa Julai. Hawajauliza wanakaa wapi siku nyingine, na sidhani wanataka kujua.

Mulinge anasema ni asubuhi moja: wakae, wapigwe picha, wainuke. "Picha ni ya siku moja. Chumba cha baridi ni cha miaka ishirini." Akina mama wamekubali, tena wanacheka, Elizabeth ameshauri wavae vitenge vya aina moja. Sioni nani ataumia. Lakini mkono wangu unakataa. Nipe neno.

Nduta


Kitengela, 9 Julai 2024

Mpendwa Nduta,

Baridi ya Julai imetukalia. Afya yangu ni ile ile. Fedha za wakili usitume, kesi imekwisha.

Mwaka wa tisini na sita kanisa lilitaka kuwaonyesha wafadhili kwamba ploti zimegawanywa kwa haki. Likatubeba kwa lori hadi Isinya, kila mtu akasimama kwenye ploti ya namba yake ameshika kibao. Mugo naye alisimama hapa, mlangoni pangu, na nguo zangu zimeanikwa nyuma yake. Tulicheka siku nzima. Jioni kila mtu akarudi kwake. Hatukuona nani ataumia.

Wakili wa Hiram aliitoa picha hiyo kutoka kwenye makabrasha ya kanisa. Mimi nimesimama Isinya, natabasamu, nimeshika kibao. Niliulizwa, "Huyu ni wewe?" Nikasema ni mimi. "Ulilazimishwa?" Nikasema hapana. Nilieleza habari ya Rachel na ng'ombe. Waliandika kwa heshima. Wakaamua kwa hati na picha. Nimepewa hadi mwisho wa Septemba.

Hao akina mama wakikaa kwa namba asubuhi moja, siku ambayo meza hizo zitakuwa na thamani, kutakuwa na picha ya kila mmoja akikiri kwamba mahali pake ni pengine. Hilo ndilo ninalolijua. Habari za samaki sizijui. Nani ataona njaa samaki wakioza, unajua wewe na wao. Pima.

Shangazi yako,
Wahu


Karonga, 18 Agosti 2024

Shangazi wangu,

Naogopa hata kukuuliza hali. Nimemwomba Rachel aniambie ukweli kwa simu. Anasema unafunga vitabu kwenye magunia na hutaki kusaidiwa.

Sikupiga picha. Niliwarudishia wakaguzi rejista kama ilivyo, pamoja na ombi kwamba mpango wa meza ufuate majirani. Walijibu kwa mistari miwili. Awamu ya pili imekwenda kwenye mpaka mwingine. Mkataba wangu unaisha Desemba. Mulinge amepata kazi huko kwenye mpaka mpya. Tumeagana vizuri, akaniachia feni yake.

Nilidhani akina mama watanishukuru. Elizabeth alikuja ofisini na wenzake, hakuketi.

"Kukaa ni kwetu. Sura ni zetu. Samaki ni wetu. Wewe umekataa kwa niaba ya nani?"

 Nilimweleza habari yako yote, hadi picha. Walisikiliza wamesimama. Mmoja akasema, "Hiyo ni Kenya, hapa hakuna magorofa." Elizabeth akamnyamazisha. Akaniuliza, "Na huyo shangazi yako atalala wapi?" Nikasema kuna nyumba, haachwi nje. Akafikiri kidogo, wakaondoka bila kuniaga.

Soko bado limejaa. Mvua zikianza watamwaga samaki tena, na wengine watanilaumu, na watakuwa na haki. Sijui kama nilipima vizuri.

Elizabeth amerudi kuuliza habari zako mara mbili. Mimi naye hatuna urafiki. Nimwambie nini?

Mtoto wako,
Nduta


Isinya, 20 Oktoba 2024

Mpendwa Nduta,

Unisamehe kimya; mtandao huku ni wa kupanda kilimani. Nimeshahama. Hiram alileta lori lake mwenyewe, akabeba magunia ya vitabu mgongoni, akanifungia na taa. Nyumba ya Mugo ni kavu na ina tangi zuri. Zizi la mbuzi ni tupu. Rachel alikuja siku ya kwanza kwa pikipiki, akashuka akitukana barabara, na jua lilipoanza kushuka ikabidi arudi.

Kama ulipima vizuri, mimi pia sijui. Nilikuambia nilichokijua, na wewe ndiye uliyekuwa na samaki mbele yako. Usiwaombe wakushukuru.

Mwambie Elizabeth ninalala vizuri sana, huku hakuna kelele. Shida iko asubuhi. Jana nilitaka kwenda Kajiado kuonwa goti. Nilivaa, nikafunga mlango, nikasimama hapo nje na ufunguo mkononi, nikitazama kushoto, halafu kulia. Kisha nikafungua, nikaingia ndani, nikavua viatu.

Atanielewa.

Shangazi yako,
Wahu