Bidii ya Flavian

Kigango cha Milepa
9 Februari 2023

Mwanangu Yohanes,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi hatujambo kiasi. Mama yako magoti bado yanamsumbua, ila shambani anakwenda, na mahindi yamekubali. Wewe je, kifua kimepona? Simu mmekatazwa huko seminarini, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Mwanangu, hapa hatuna amani. Kuhara kumeua watoto, na mmoja wao ni mtoto wa kwanza wa Flavian, mwenzako mliyetumikia naye altareni. Tangu tumzike yule mtoto, Flavian hali wala hanyamazi. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha sala cha vijana. Jumapili alisoma habari za Finehasi, aliyewachoma watu mkuki na Mungu akamsifu. Akafunga kitabu, akasema, "Huo ndio wivu mtakatifu! Na sisi mchawi tunaye, tunampa amani kila Jumapili!"

Wakapiga makofi. Wote walijua anamsema Mama Kabula, yule mjane Msukuma anayekaa peke yake ng'ambo ya korongo. Kosa lake ni kwamba alimbeba yule mtoto siku moja kabla hajaugua.

Mimi katekista tu, elimu yangu unaijua. Wewe unasoma Kigiriki. Neno hilo, ambalo pengine wanasoma wivu na pengine bidii, maana yake hasa ni nini? Nataka kusimama mbele yao na sina la kusema.

Baba yako,
Zenon


Seminarini
21 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yake. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Neno lenyewe ni zelos. Mwalimu wetu anasema huenda limetokana na kuchemka, kama maji jikoni. Wagiriki walilitumia hilo hilo kwa bidii na kwa husuda. Waliowatia mitume gerezani walijaa zelos. Naye Paulo, akiitaja bidii yake ya zamani, anataja siku alizolitesa Kanisa. Kwa hiyo, baba, neno lenyewe halikwambii kama ni jema. Maji ya moto yanapika uji na yanaunguza mtoto. Uangalie yanamwagikia wapi.

Kama Flavian amesoma ya Finehasi, asome na ya Yesu hekaluni. Wanafunzi walikumbuka Zaburi, kwamba bidii ya nyumba ya Mungu ingemla. Ingemla yeye mwenyewe, baba, si jirani yake.

Waambie hivyo. Lakini kwanza mtoeni Mama Kabula hapo, apelekwe Sumbawanga mjini, Kizwite kwa shangazi.

Mwanao,
Yohanes


Milepa
6 Machi 2023

Mwanangu,

Amani ya Kristu. Tunapumua, siwezi kusema zaidi.

Niliwasomea maneno yako kanisani. Flavian aliinuka katikati. "Baba katekista, wewe umewazika watoto wangapi?"

Nikamwambia, "Wa kwako nilimzika mimi, Flavian. Nililia."

"Basi usinifundishe Kigiriki!" Akatoka, na vijana wote nyuma yake.

Mama Kabula amekataa kwenda Kizwite. Anasema, "Mume wangu amelala hapa, huko juu nitamjua nani?" Nimemleta kwetu, analala na mama yako. Tangu hapo jumuiya haisali tena kwetu. Jirani akipita anageuza uso. Barabara imekatwa na mvua, hata barua hii anaibeba mpita njia kwa miguu. Polisi wako mbali, na paroko hawezi kuvuka. Jana tumekuta damu ya kuku imepakwa mlangoni.

Mama yako ananiuliza nitafanya nini. Ninasali, mwanangu, na nikimaliza kusali sijui nifanye nini.

Baba yako,
Zenon


Seminarini
15 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Nimemwomba ruhusa Baba Gambera, mkuu wetu wa seminari, amesema nitaondoka barabara ikifunguka.

Sahau niliyokuandikia. Nilikuandikia kama mtu anayejibu mtihani. Nakuomba, mchukue mama mwondoke, hata kwa miguu. Mama Kabula akikataa, Mungu anisamehe, mwache. Umefanya ya kutosha. Nina baba mmoja. Ukinijibu, nijibu neno moja tu, kwamba umeondoka.

Mwanao anayekuomba,
Yohanes


Sumbawanga
2 Mei 2023

Mwanangu Yohanes,

Tumsifu Yesu Kristu. Tuko hai, mimi na mama yako, kwa shangazi yako Kizwite; ukiruhusiwa kuja, njoo huku. Anayeandika ni yeye, mimi natamka, maana mkono wangu wa kulia umefungwa plasta.

Walikuja mchana, wakiimba nyimbo zetu za kanisani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisimama mlangoni. Flavian akaniambia, "Baba, pisha." Nikasema sipishi. Akanipiga kwa mpini wa jembe, nikaanguka, wakawasha moto kwenye paa. Mama Kabula alipoona moto alipita mlango wa uani, akazunguka, akawaendea mwenyewe. Mama yako alimsikia akisema, "Waacheni hawa, nimekuja." Tulimzika kando ya mume wake. Mwanawe Limbu alifika kutoka Kasanga akakuta tumemaliza.

Barua yako nilipewa nikirudi makaburini. Nashukuru ilichelewa. Siku zile nilikuwa nimechoka, Yohanes, na ningekutii. Hapo mama yako ameweka kalamu chini, nimemwomba aishike tena. Hatukulaumu. Mtoto anayempenda baba yake huandika hivyo.

Juzi nilikwenda kumwona Flavian mahabusu. Amekonda. Nilidhani atanitukana. Akaniuliza, "Baba, kama si yule mama, mwanangu aliuawa na nini?"

Nikamwambia watu wa afya walikuja kupima, na wamekuta kipindupindu kwenye maji ya mto tunayokunywa wote.

Alikaa sakafuni. Akasema, "Nirudie."

Nikarudia. Akasema tena nirudie, na nikarudia, mpaka askari akaniambia muda umekwisha.

Baba yako,
Zenon