Mti wa Viwavi

Ndalambo, Jumatano, Desemba 1996

Sikuukata ule mti. Tajiri wa mkaa atafoka kesho, najua. Lakini nilikuwa nimeshainua shoka, jirani yangu Mama Neema akaja mbio na ndoo yake.

"Wewe Mhaya, ngoja! Huoni viwavi walivyojaa? Wanakula majani ya mti huu. Wakishiba watashuka wajifukie udongoni. Mvua za mwakani watatoka vipepeo, watage mayai juu hapo hapo. Ukiukata watataga wapi?"

"Watage kwenye gunia langu la mkaa," nikamtania.

"Na wanangu wale mkaa?"

Nikashusha shoka.

Jioni akaniletea viwavi wa kukaanga kwenye sahani, bado wa moto. Nilitafuna mmoja tu, nikakumbuka senene, wale panzi wetu wa kula, nikashindwa kuendelea.

Kwetu Bukoba ndio msimu wao huu. Usiku wanaanguka kama mvua, asubuhi nyumba nzima inakaa chini kunyonyoa mabawa. Mke wangu huwakausha na kuniwekea fungu langu, hata watoto hawaligusi.

Huu ni mwaka wa tatu sijarudi. Sijathubutu kumuuliza kama bado ananiwekea.